Kadi ya Interac huko Kanada: inafanyaje kazi, na mzazi aliye Nakuru anaingizaje pesa?

Mzazi_Section58 (Nakuru)

Habari zenu wadau. Binti yangu anaanza chuo Ontario mwezi wa tisa. Waliomtangulia wanamwambia huko kila kitu ni Interac: dukani, kodi ya nyumba, hata kuchangiana bili ya stima. Naomba kueleweshwa. Hii Interac ni benki, ni kadi kama Visa, au ni kitu kama M-Pesa? Nikiwa hapa Nakuru naweza kumrushia pesa kwa njia hiyo? Kadi yake ya benki ya hapa ni Visa tayari, kwa hivyo haja ya nyingine ni ipi? Na makato yako wapi? Nitashukuru kupata jibu la mtu anayeijua, si la "nilisikia".

Hesabu_Kakamega

Si benki. Ni mtandao wa ndani ya Kanada unaounganisha benki na vyama vya akiba na mikopo vya huko. Ulianzishwa mwaka 1984 na taasisi tano za fedha ili mteja wa benki moja aweze kutoa pesa kwenye ATM ya nyingine. Malipo ya dukani yalikuja baadaye, yakaenea nchi nzima miaka ya 1990. Binti yako hatafungua akaunti ya Interac, maana hakuna kitu kama hicho. Atafungua akaunti benki, apewe kadi yenye nembo ya Interac.

Anapolipa, mashine ya duka inaiuliza benki yake kama salio linatosha, benki inajibu, pesa zinakatwa papo hapo. Hakuna mkopo wala bili ya mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyohiyo haimjengei rekodi ya mkopo. Akiitaka hiyo, atafute kadi ya mkopo kando.

Sasa hiyo Visa ya hapa. Itakubalika Kanada mahali pengi, ila haipiti Interac. Inapita njia ya kimataifa hadi benki yenu ya Kenya, na kila ununuzi unageuzwa kutoka dola ya Kanada hadi shilingi kwa kiwango cha benki, pamoja na ada ya kubadilisha. Mandazi ya dola tatu yanageuzwa sawa na viatu vya dola mia. Tena kuna maduka madogo yanayopokea Interac au pesa taslimu tu. Sababu ni gharama: kwa Interac mwenye duka hulipa senti chache zisizopanda na bei ya bidhaa, ilhali kadi ya mkopo humkata asilimia ya mauzo. Kibandiko cha mlangoni kikisema "debit", wanamaanisha Interac, si kadi yoyote ya debiti duniani. Visa ya Kenya ikichomekwa pale itakataliwa hata kama ina salio la kutosha.

Lakini asiiache nyumbani, kwa kuwa siku za mwanzo ndiyo atakayoitegemea. Kabla ya safari, benki iifungulie matumizi ya nje ya nchi (baadhi huyafunga mpaka uombe) na laini yake ya Kenya iwe na roaming, kwa sababu nambari za uthibitisho zitaendelea kuja kwenye laini hiyo.

Akifika aende tawini na pasipoti na kibali cha masomo. Benki haiwezi kumkataa kwa kuwa hana kazi au hana pesa za kuweka siku hiyo, mradi vitambulisho vinatosha. Aombe akaunti ya mwanafunzi ya matumizi ya kila siku, si ya akiba. Nambari ya SIN (nambari ya utambulisho ya serikali ya Kanada kwa kazi na kodi) ataihitaji akipata kazi, na pia kwa akaunti yenye riba. Ya mtu aliye na kibali cha muda huanza na tarakimu 9 na huisha pamoja na kibali chenyewe.

Dunga_Fedha (Kisumu)

Naongezea upande wa mashine, maana hapo ndipo wageni hukwama foleni ikiwa nyuma yao.

Kadi mpya kwa kawaida haigongeshwi kwanza (kugongesha ni kuigusisha kadi kwenye mashine bila kuichomeka). Muamala wa kwanza ni kuchomeka chipu na kuweka PIN, ndipo kugongesha kunakubali. Ukichomeka, skrini inaonyesha bei na kusubiri OK. Mkahawani inauliza bahashishi, nayo inaonyeshwa kwa asilimia, kwa hivyo anayebonyeza haraka hujikuta amelipa zaidi ya alivyokusudia. Kisha inaweza kuuliza CHQ au SAV. CHQ ndiyo akaunti ya matumizi. Akibonyeza SAV na hana akaunti ya akiba iliyounganishwa na kadi, muamala unakataliwa. Akiwa nayo, ni ghali zaidi: akaunti nyingi za akiba hutoza dola kadhaa kwa kila muamala. Halafu PIN, na kadi ibaki ndani mpaka mashine iseme itolewe. Ikichomolewa mapema, muamala unafutika.

Kugongesha kuna kikomo cha dola 250 kwa mara moja. Kilikuwa 100 hadi mwaka 2020. Benki au duka linaweza kuweka cha chini zaidi. Mbali na hicho kuna kikomo cha jumla: ukigongesha mara nyingi mfululizo hadi kiasi ambacho benki imepanga, mashine inadai kadi ichomekwe hata kwa maziwa ya dola nne. Si hitilafu, na kadi haijafungwa. Anachomeka, anaweka PIN, hesabu inaanza upya.

Makato uliyouliza yako mahali patatu hasa. Kwanza ATM isiyo ya benki yake: hapo anakatwa mara mbili, na benki yake kwa kutumia mtandao, na mwenye mashine kwa huduma. Zile mashine za kwenye baa na vituo vya mafuta ndizo mbaya. Akitaka taslimu bila hayo, supamaketi kadhaa humruhusu mteja wa Interac kuongeza kiasi juu ya bei ya bidhaa na kupewa noti kwenye kaunta. Pili, vifurushi vya akaunti vyenye idadi ya miamala kwa mwezi. Kila anapogongesha ni muamala mmoja, na akivuka idadi analipia kila wa ziada. Akaunti nyingi za wanafunzi hazina kikomo hicho, lakini aulize kabla ya kutia sahihi. Tatu ni malipo ya kujikata yenyewe, kama simu au mazoezi, yakikuta akaunti haina kitu. Tangu tarehe 30 Juni 2022 benki za huko zinatakiwa kumtumia mteja ujumbe salio likishuka chini ya dola 100, au kiwango alichojiwekea. Aweke 200 apate nafasi ya kupumua.

Mtandaoni: kadi yenye Interac pekee haina nambari ya kujaza kwenye tovuti kama za Visa. Benki nyingi hutoa kadi ya mchanganyiko, Interac pamoja na Visa Debit au Debit Mastercard. Kadi hiyo ikitumika dukani Kanada inapita Interac. Mtandaoni au nje ya nchi inapita ule mtandao mwingine. Aombe hiyo.

Pia awe na noti kidogo mfukoni. Tarehe 8 Julai 2022 mtandao wa kampuni ya simu ya Rogers ulizima, na malipo ya Interac yakazima nao nchi nzima. Waliokuwa na kadi ya mkopo au pesa taslimu ndio walionunua chakula siku hiyo.

Mwalimu_Webuye

Kuhusu kurusha kutoka Nakuru: hapana, haiwezekani. Kinachofanana na M-Pesa ni huduma yao iitwayo Interac e-Transfer, lakini inataka akaunti ya benki ya Kanada pande zote mbili na inakwenda kwa dola za Kanada tu. Wewe huna akaunti huko, kwa hivyo huna pa kuingilia.

Wao wenyewe wanavyoitumia: anafungua programu ya benki yake, anaweka baruapepe au nambari ya simu ya mpokeaji, kiasi, na swali la siri lenye jibu. Mpokeaji anapata ujumbe, anachagua benki yake, anajibu swali, pesa zinaingia. Huchukua dakika chache, mara nyingine kama nusu saa. Zisipopokelewa ndani ya siku 30 muda wake unaisha, na mtumaji anajulishwa azirudishe kwake. Kikomo kinawekwa na benki. Dola 3,000 kwa siku ni cha kawaida kwa akaunti ya mtu binafsi.

Udhaifu uko kwenye swali. "Mji wetu?" na jibu "Nakuru" si ulinzi. Mkora aliyeingia kwenye baruapepe ya mpokeaji anaona ujumbe, anakisia jibu, anaelekeza pesa kwake. Na jibu lisitumwe kwa baruapepe ileile. Dawa ni Autodeposit: binti anaisajili baruapepe yake kwenye benki mara moja, na kuanzia hapo anachotumiwa kinaingia moja kwa moja bila swali. Mtumaji huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na alisome kweli, kwa kuwa pesa zikishaingia kwa Autodeposit haziwezi kusitishwa. Ile ya kupiga simu upesi kuomba zirudishwe, kama tulivyozoea hapa, huko haipo.

Wewe utatumia benki yako ya hapa kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kutuma pesa kimataifa. Mwambie binti apakue fomu ya kuwekewa pesa kutoka kwenye programu ya benki yake. Ina nambari ya tawi yenye tarakimu 5, iliyoandikwa Transit. Nambari ya benki yenye tarakimu 3, iliyoandikwa Institution (kwa mfano 003 ni RBC, 004 ni TD). Na nambari ya akaunti. Ongeza msimbo wa SWIFT wa benki hiyo na anwani yake ya makazi. Kanada haitumii IBAN (nambari ya akaunti ya mfumo wa kimataifa), kwa hivyo karani akiidai, mwonyeshe hizo. Yanayokwamisha pesa kila mara ni haya:

Jina. Akaunti yake imefunguliwa kwa majina ya pasipoti. Ukiandika lile la nyumbani, au ukaacha moja kati ya matatu, pesa zinaweza kushikiliwa au kurudishwa zikiwa zimekatwa ada njiani.

Sarafu. Tuma dola za Kanada. Ukituma za Marekani kwenye akaunti ya dola za Kanada, benki ya huko itazibadilisha tena kwa kiwango chake.

Ada. Fomu ina chaguo la OUR, SHA au BEN. Kwa OUR unalipa wewe zote, kwa SHA mnagawana, kwa BEN zinakatwa kwenye pesa zenyewe. Kama ni kiasi ambacho lazima kitimie, chagua OUR, na bado uliza kama benki inayopokea itakata ya kwake.

Ukifikisha dola 10,000 za Kanada au zaidi, benki ya huko inaripoti kwa FINTRAC, shirika la serikali ya Kanada linalofuatilia utakatishaji wa pesa. Ni utaratibu tu, hakuna kosa. Kosa ni kuzigawa vipande ili usiripotiwe. Hapo ndipo maswali huanza.

Karo usiipitishe kwenye akaunti yake kama chuo kina njia ya kulipwa na wazazi wa nje. Kila mara pesa zinapopita mkono wa ziada kuna ada.

Na akitaka kukutumia wewe: kampuni nyingi za kutuma pesa huko hupokea kwa Interac na kukufikishia kwa M-Pesa. Kumbuka muamala mmoja wa M-Pesa haupiti shilingi 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000.

Mzazi_Section58 (Nakuru)

Asanteni sana, mmenifungua macho. Moja la mwisho. Amepata chumba kupitia tangazo la mtandaoni. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu na dola 500 za uharibifu kabla hajasafiri, zitumwe kwa e-Transfer na mwanafunzi mwenzake aliye huko, nami nimrudishie huyo kwa shilingi. Kuna shida?

Mwalimu_Webuye

Simama hapo. Sheria ya Ontario inamruhusu mwenye nyumba kudai amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, nayo hutumika kulipia mwezi wa mwisho wa kukaa. Amana ya uharibifu hairuhusiwi kabisa. Anayedai vyote viwili, au haijui sheria au hana nyumba ya kupangisha. Huyo mwanafunzi akituma na upande wa pili una Autodeposit, pesa zimekwenda. Benki itamwambia aliidhinisha mwenyewe, na ahadi ya Interac ya kufidia wizi wa kadi haigusi malipo uliyoyatuma kwa hiari yako.

Huyo mwanafunzi akienda kuona chumba kwa macho, mlango ukafunguliwa, na mkataba wa kawaida wa Ontario ukatiwa sahihi na pande zote mbili, basi kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwisho inatosha. Kama hakuna wa kwenda, chukueni hosteli ya chuo au chumba cha wiki mbili, atafute akiwa hapohapo.

Dunga_Fedha (Kisumu)

Na mwingine wa aina hiyo, maana huwapata wiki za kwanza: anaajiriwa kazi ya mtandaoni, anatumiwa hundi, anaambiwa aipige picha kwenye programu ya benki, abaki na yake na zingine azitume kwa e-Transfer kwa "msambazaji". Benki inaonyesha sehemu ya hundi kama salio kabla haijathibitishwa. Siku kadhaa baadaye hundi inadunda, benki inaikata yote, na e-Transfer aliyotuma ilikuwa pesa yake mwenyewe. Ni vivyo hivyo kwa anayeombwa "kupokelea mtu" kwenye akaunti yake kwa kamisheni ndogo: akaunti inafungwa, na kufungua nyingine huwa taabu.

Nambari ya dharura ya benki iko nyuma ya kadi. Aiandike pembeni siku atakayoipata, ile ya kupigwa kutoka nje ya nchi hasa, kwa sababu zile za bure zinazoanza na 1-800 mara nyingi haziunganishi kutoka Kenya. Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7 majira ya joto na 8 majira ya baridi.