Mjadala: Mzazi asiyetoa matunzo, azuiwe kumwona mtoto?

Ndugu zangu, naileta hoja hii kwa sababu wazazi wakishatengana huwa haikosekani. Mmoja anasema, "Hatoi hata senti, basi mtoto hamwoni." Mwenzake anajibu, "Hanionyeshi mwanangu, basi sitoi." Najua wengi wenu mtasimama na yule wa kwanza, na hasira yake naielewa. Unakesha na mtoto mwenye homa, ada unaihangaikia peke yako, halafu mwenzako anaibuka baada ya miezi minne na mwanasesere mkononi, mtoto anamrukia shingoni. Inauma sana.

Hata hivyo msimamo wangu ni kwamba asizuiwe kwa sababu hiyo.

Haki inayobishaniwa hapa si ya mzazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 9, unampa mtoto aliyetengana na mzazi wake haki ya kuwa na uhusiano na mawasiliano naye ya mara kwa mara, isipokuwa pale yatakapokuwa kinyume na maslahi ya mtoto mwenyewe. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unampa haki hiyohiyo katika ibara ya 19. Matunzo nayo ni ya mtoto: ibara ya 27 ya ule mkataba wa kwanza inazitaka nchi zihakikishe yanapatikana kutoka kwa mzazi, hata akiwa anaishi nchi nyingine. Kwa hiyo tunapomzuia mzazi kwa sababu ya deni, tunamnyang'anya mtoto haki ya pili ati kwa vile ameshanyimwa ya kwanza.

Nayasema haya nikiwa nimelelewa hivyo. Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi moja nilipanga nguo zangu kwenye begi la shule, nikavaa viatu, nikakaa nyuma ya mlango kumsubiri baba. Akabisha. Nikamsikia mama akimuuliza kupitia upenyo wa mlango, "Umekuja na nini?" Kimya. Baba akasema neno ambalo sikulisikia vizuri, kisha nikasikia hatua zake zikishuka ngazi. Hakuna aliyenieleza kitu. Nilizitoa zile nguo moja moja, nikazikunja upya. Kwa miaka mingi niliamini kwamba bei yangu ilimshinda. Mama yangu simlaumu, alikuwa amechoka na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Nawaambia tu jinsi jambo lenyewe linavyosikika ukiwa upande wa ndani wa mlango.

Kuna watakaosema: bila kumzuia, hatatoa kamwe. Mimi naona kinyume chake. Asiyemjali mtoto, ukimzuia umempunguzia safari. Anayemjali umempa kisingizio cha kutolipa. Deni lina njia zake. Mahakama inaweza kuamuru mshahara ukatwe kabla haujamfikia, mali ikamatwe, na katika baadhi ya nchi mkaidi hufungwa. Naye aliyepoteza kazi asikimbie wala asizime simu. Arudi mahakamani aombe kiwango kipunguzwe, maana Mkataba wa Afrika, ibara ya 20, unapima wajibu wa mzazi kwa uwezo wake. Na jamani, wekeni kumbukumbu. Pesa za mkono kwa mkono bila maandishi ndizo huzaa ule ugomvi wa "nilitoa", "hukutoa".

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya mzazi mpigaji, au mlevi anayemsahau mtoto barabarani. Hapo sibishani: azuiwe, au amwone mbele ya afisa wa ustawi wa jamii au mtu mzima mwingine anayeaminika. Lakini iitwe hatari, isiitwe deni. Nimeona watu wanaomwogopa mwenzao kwa haki kabisa, ila wakiulizwa wanajibu kwa kifupi, "hatoi matunzo," kwa sababu hilo ni rahisi kulitamka kuliko kipigo. Sasa, siku akileta malimbikizo yote, utamfungulia? Kama jibu ni hapana, basi tatizo halikuwa pesa tangu mwanzo, na mahakama inapaswa kulisikia leo, kabla hajalipa.

Mtoto naye asikilizwe. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inampa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kumweka katikati ya wazazi wawili na kumuuliza anampenda nani zaidi si kumsikiliza. Huo ni ukatili. Aulizwe faraghani, na mtu asiyekuwa na upande.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nayumba, na ningependa kuwasikia. Mtoto wa miaka kumi na tatu anakataa kabisa kwenda kwa mzazi wake. Hapigwi, hateswi, anasema tu hataki. Huenda ameumia kwa jambo ambalo hajapata maneno ya kulisema, huenda pia anarudia yale anayoyasikia mezani kila jioni. Alazimishwe kwenda, au aachwe? Na nyinyi mtatofautishaje?