Nilimwapia mama watoto kwamba Glenn hafi. Sasa nifanyeje?

Baba Nuru (Tabata):
Habari za usiku wakuu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri. Wenye kejeli wapite kimya kimya.

Mimi na mama watoto tuna kawaida yetu. Watoto wakishalala, kama saa tatu na nusu hivi, tunaangalia episodi moja ya sirizi, zikizidi sana mbili. Mwaka huu tukaingia The Walking Dead. Mwenyewe hakutaka kabisa, alisema hawezi kulala nyumba moja na misukule. Kilichomshika ni Glenn, yule kijana mpeleka piza aliyemtoa Rick, steringi mkuu, kwenye kifaru cha jeshi kule Atlanta. Alipompata Maggie ndiyo ikawa basi, mwenzangu anaangalia ndoa, mie naangalia mazombi, kila mtu na lake, amani tele.

Sasa sizoni 6, episodi ya 3, Glenn akaanguka katikati ya kundi la mazombi na matumbo yakachanwa tukiona. Mama watoto akalia. Mimi kwa kujifanya mjuzi nikamwambia tulia, steringi hafi. Episodi nne mbele, kweli, jamaa huyo, kumbe matumbo yalikuwa ya mwenzake aliyemwangukia, yeye alikuwa kajisokomeza chini ya kontena la taka! Wakuu, nilitamba. Wiki nzima chai naletewa mezani. Nikamwapia kabisa, huyu atafika mwisho, nikose mimi.

Tukafika sizoni 7 episodi ya 1. Wanaojua wanajua. Wametuzungusha karibu dakika ishirini kabla ya kuonyesha nani kapigwa. Lile rungu lenye seng'enge la Negan, yule mkuu wa maadui, likashuka kwa Abraham, mmoja wa kundi la Rick. Nilisikitika, ila sitaki kudanganya, moyoni nilishangilia, nikamgeukia mwenzangu nikamwambia "umeona?" Kabla sijafunga mdomo, mwenzao Daryl akamrukia Negan ngumi, na Negan akageuka akamshukia Glenn.

Mama watoto hakusema neno. Alichukua nguo za kupiga pasi akaenda chumbani. Leo wiki ya tatu. Sirizi haitajwi, na nikiongea habari yoyote nyingine ananijibu "wewe si ndiye unayejua kila kitu".

Flashi ninayo, imejaa mpaka sizoni 11. Niendelee peke yangu kwa siri usiku wa manane? Nimbembeleze? Au niachane nayo tu? Na je, ni kweli kwamba kwenye vitabu vya katuni nako Glenn alikufa hivi hivi, au waandishi wa TV ndio walituchezea?

Njugu Mawe (Mwanza):
Mkuu uliapa juu ya uhai wa mtu kwenye sirizi ambayo kazi yake ni kuua watu. Naweka kambi hapa, mwenye kahawa apitishe.

Kitabu Kwanza (Nairobi):
Boss, nijibu la katuni kwanza kwa sababu nimezisoma zote 193, kuanzia ile ya Oktoba 2003 hadi ya Julai 2019. Ndiyo, Glenn alikufa hivyo hivyo. Toleo la 100, Julai 2012, Negan yule yule, rungu lile lile, na Glenn anamwita Maggie akiwa anakata roho. Sisi wasomaji tulimlilia miaka minne kabla yenu.

Lakini usijilaumu kwa kutojua, maana hata aliyesoma hakuwa na uhakika. TV ilikuwa inabadilisha karata kila mara. Sophia, yule mtoto aliyetoka ghalani akiwa zombi, kwenye katuni anaishi hadi mwisho. Mama yake, Carol, anafia mapema kule gerezani, tena kwa kujitakia. Daryl hayupo kabisa, alibuniwa kwa ajili ya TV. Abraham alishakufa kwa mshale wa jichoni kabla Negan hajatokea, na mshale huo TV wakampa daktari Denise. Kwa hiyo mwandishi wa katuni, Robert Kirkman, alipoandika kitu kwenye karatasi, televisheni ilikichukua kama pendekezo tu. Wengi wetu tuliamini Abraham akichukua rungu, basi Glenn amepona. Tulikuwa na matumaini kama yako tu, hatukuwa na mke wa kumwapia.

Mwana wa Bi Hadija (Mombasa):
Baba Nuru, mimi ni mwanamke na nitasema upande wa mwenzio, uniwie radhi.

Wewe unadhani kakasirikia kifo. Kifo alishakilia mara ya kwanza, episodi ya 3. Akamaliza. Kisha akarudishiwa mtu wake mkononi, halafu akanyang'anywa tena, na safari hii wakampasua kichwa mbele yake. Hilo ndilo linalouma. Na si yeye peke yake aliyeona kachezewa. Mwaka 2015 zilipokuwa zikitoka kila Jumapili, walifikia kuondoa jina la Steven Yeun, anayemwigiza Glenn, kwenye majina ya mwanzo ili watu waamini kweli kafa. Tangu tarehe 25 Oktoba mpaka 22 Novemba watu wanatafutana. Halafu sizoni 6 ikaishia na rungu hewani, hujui nani kapigwa kwa sababu kamera imewekwa machoni pa anayepigwa. Hiyo ilikuwa Aprili 2016. Jibu likaja tarehe 23 Oktoba. Miezi sita na ushee! Wewe ulibonyeza kitufe tu ukaendelea, ndiyo maana unaona mambo madogo.

Usiku ule wa Oktoba Wamarekani milioni 17 walikaa kuangalia. Wengi wao hawakurudi. Sirizi ilipofungwa Novemba 2022 waliobaki ni milioni mbili na kitu. Mkeo kapanga foleni na mamilioni ya watu, si kwamba ana vituko.

Na jengine, pale ulipomgeukia ukasema "umeona?", ndugu yangu, wallahi hapo ndipo ulipoharibu.

Njugu Mawe:
Dada kamaliza. Mkuu rudisha flashi ya watu.

Jini Kisirani:
Hahaha huyu analia Glenn, subiri afike kwa Carl, mtoto wa Rick, sizoni 8.

Baba Nuru:
Carl kafanyaje???

Mwana wa Bi Hadija:
Jini wewe umetumwa na nani? Mtu kaja na kidonda unamtia ndimu.

Mtu wa Kirumba (Mwanza):
Kuna watu wakifa wazibwe mdomo kwenye sanduku, la sivyo watamwambia marehemu mwenzao mwisho wa muvi.

Kitabu Kwanza:
Limeshamwagika, basi niseme moja tu. Kwenye katuni Carl yupo mpaka ukurasa wa mwisho, mtu mzima, ana mtoto. Hadithi yote inamwendea yeye. Ndiyo maana kifo cha Glenn sisi wasomaji tulikisamehe, kilikuwa kwenye kitabu, ila cha Carl mpaka leo hapana. Watu maelfu kwa maelfu walitia sahihi mtandaoni kutaka Scott Gimple, aliyekuwa akiiongoza, aondolewe. Alihama kweli, ila kwa kupandishwa cheo, ukishangaa ya Musa... Sizoni 9 akashika Angela Kang na ikapata uhai tena. Kwa hiyo usiitupe flashi bado.

Mzee wa Kilinge (Tanga):
Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Hawa si misukule, tusichanganye. Msukule ana mwenyewe. Kuna mtu kamchukua, kamficha, anamlimisha shamba usiku, na familia imezika mgomba. Ukimpata mganga wa kweli unaweza kuambiwa mtu wako yuko kwa fulani. Hawa wa Marekani hawana bwana, hawana kazi, hakuna wa kumdai. Kila mtu ana ule ugonjwa tayari, ukifa kwa malaria unaamka vile vile. Mimi ndicho kilichonitisha, siyo meno. Na mle ndani neno zombi lenyewe halitajwi, kila kikundi kina jina lake la kuwaita. Haya, endeleeni.

Baba Nuru:
Mzee wa Kilinge hiyo ya mgomba usimsomee mama watoto, nitalala sebuleni mwaka mzima.

Mtu wa Kirumba:
Sasa twende kwenye ushauri. Kuangalia peke yako usiku wa manane FUTA. Hilo ni usaliti kamili. Atajua tu, utacheka sehemu ambayo hujatakiwa kuijua, na hapo kesi itahamia kwa wazazi.

Nami nilisusa pale pale ulipo, nikarudi baada ya mwaka. Sizoni 7 ina maeneo yanachosha, Negan anaongea kama mwenyekiti wa kikao cha harusi, hamalizi. Ila episodi ya 2 ni kitulizo. Hakuna Negan. Wanakutana na Ezekiel, mtu ana ufalme wake na kiti cha enzi, na pembeni kafuga simbamarara mzima anaitwa Shiva. Carol anavyomtazama yule mfalme utacheka mwenyewe. Anzia hapo. Usimrudishe ya 1 hata kwa dakika moja kusema "tujikumbushe".

Na kama anawapenda wanawake wenye msimamo, Michonne anazidi kukolea. Danai Gurira anayemwigiza amekulia Harare, ni wa huku huku kwetu kusini. Wangu mimi alirudi kwa ajili yake.

Mwana wa Bi Hadija:
Mimi nina chambo kizuri kuliko simbamarara. Mkumbushe kwamba Maggie ana mimba. Usisimulie zaidi. Akikaza, ndipo umwambie kwamba mwaka 2023 ilitoka sirizi nyingine nzima, Dead City, ambamo Maggie anaingia New York akiwa na Negan. Naam, yule yule. Atataka kujua mwanamke anawezaje kupanda boti moja na aliyemuua mumewe. Mimi hilo swali lilinivusha sizoni nne.

Lakini kwanza umtake radhi. Si ya Glenn. Ya "umeona?"

Jini Kisirani:
Nisamehe Baba Nuru. Ya Carl nilipitiwa.

Njugu Mawe:
Siku mbili kimya. Mleta uzi yuko hai?

Baba Nuru:
Nipo wakuu. Mrejesho.

Juzi nilimwomba radhi wakati anachambua mchele. Nikamwambia ile "umeona" haikuwa sawa, yeye alikuwa anaumia na mimi nahesabu ushindi. Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Halafu ulikuwa unatabasamu." Kumbe aliona. Sikuwa na la kujitetea.

Jana nikatupa lile la mimba. Akasema hajasahau, ilisemwa wazi sizoni 6, wanaume ndio hamshiki kitu. Leo jioni nikatupa la Negan na boti. Alisimama na mwiko mkononi. "Maggie? Na yule muuaji? Amelogwa?" Nikasema mimi sijui, haijafika. Kimya. Watoto wamelala, nikasikia anauliza kutoka chumbani, "Ile flashi yako ina kazi gani pale kabatini?"

Masharti niliyopewa ni kwamba sitabiri, simgeukii, na sisemi neno mpaka majina ya mwisho yapite. Ya Carl sijamwambia na sitamwambia, Jini hilo ni deni lako.

Tumeanza ya 2 saa hizi. Naandika kwa kujificha, kaenda kuchukua maji. Kampenda Ezekiel papo hapo. Kampenda zaidi yule mnyama, kaniuliza mara mbili kama simbamarara huyu anafika mwisho, nikaonyesha mdomo wangu kwamba nimekatazwa kuongea.

Wakuu, simbamarara hafi, eti?

Kitabu Kwanza:
Boss, zima simu uangalie.

Njugu Mawe:
Mkuu, usiape.