Wageni wakiuliza kuhusu Roosevelt, niwajibu nini?

Dereva wa Njoro:
Wanajukwaa, hamjambo. Kazi yangu ni kuendesha watalii, Naivasha hadi Ziwa Nakuru, mara nyingine Baringo. Juzi nilikuwa na familia ya Wamarekani: babu, binti yake na mjukuu wa chuo kikuu. Tuko juu pale Baboon Cliff tukitazama jinsi ziwa lilivyomeza barabara ya zamani, babu akaniuliza kama ni kweli Theodore Roosevelt, rais wao wa zamani, aliwinda pande hizi. Nikasema ndiyo, mwaka 1909 alikuwa mgeni wa Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa Kiingereza, hapa Njoro. Mzee akafurahi kama aliyeonana na jamaa yake. Mjukuu akadakia kwamba huyo alikuja kuchinja wanyama na kuwasifu walowezi. Basi, kuanzia hapo hadi langoni ni mabishano matupu, na faru walisimama kando ya barabara hakuna aliyewatazama.

Ninachojua mimi ni hiki. Alitoka madarakani Machi 1909, Aprili akashuka Mombasa na mwanawe Kermit, kisha akapanda treni akiwa ameketi mbele kabisa ya injini. Wawili hao waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17 na ndovu 11. Alijitetea kwamba ni kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian na kitoweo cha msafara. Lakini ni huyohuyo aliyeweka chini ya ulinzi ekari zipatazo milioni 230 za misitu na mbuga kwao alipokuwa rais. Sasa mtu wa namna hii unamwelezaje mbele ya wageni wanaolipa, bila kudanganya na bila kuwaharibia siku? Tajiri wangu anasema nisiguse siasa.

Mzee wa Sergoi:
Kijana, tajiri wako anataka simba wasio na historia. Hilo halipo.

Huku kwetu Uasin Gishu hadithi ya Roosevelt si ya bunduki yake, ni ya mikuki ya watu wengine. Alipofika Sergoi, morani wa Kinandi waliletwa wamwonyeshe jinsi simba anavyouawa kwa mkuki. Wakamzingira, wakamwangusha, na mmoja wao akajeruhiwa vibaya. Roosevelt aliwasifu mno katika maandishi yake, na sifa zenyewe zilikuwa za kweli. Ila hesabu miaka. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, Oktoba 1905, akiwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani. Vita vilipokwisha, Wanandi walinyang'anywa mifugo na ardhi wakasukumwa kwenye rizavu. Mwaka 1908 Makaburu wakaingia na magari yao ya kukokotwa na maksai. Kwa hiyo vijana waliomwonyesha mgeni ushujaa mwaka 1909 walitoka katika jamii iliyoshindwa vita miaka minne tu nyuma. Yeye akaona ushujaa, halafu akaandika kwamba nyanda hizi za juu ni nchi ya kumfaa mzungu. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwake bila kugombana.

Mwambie na yule babu kwamba hata kwao ubishi haujaisha. Sanamu yake iliyokuwa mbele ya makumbusho ya viumbe New York tangu 1940 iliondolewa Januari 2022. Yeye juu ya farasi, Mwafrika na mwenyeji asilia wa Marekani wakitembea kwa miguu kandokando. Haikuvunjwa, ilihamishwa.

Mama Kondele:
Mwanangu dereva, mimi rais wa Marekani ninayemjua ni Bush mdogo. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Kisumu. Anayeikumbuka Kondele ya mwanzo wa miaka ya 2000 anajua mafundi wa majeneza walivyokuwa wakikesha. Jumamosi ilikuwa ni kuchagua utakwenda matanga ya nani. Mwaka 2003 Bush akaanzisha PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na polepole ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, zikaanza kufika vituoni bure. Nilimwona mwanamke aliyeletwa kwa mkokoteni akirudi sokoni kuuza omena.

Pesa zile hazikuja peke yake. Theluthi ya fedha za kinga ilitengewa mahubiri ya kujizuia, na sisi tuliogawa kondomu tukaanza kutazamwa kwa jicho baya. Na Machi mwaka huohuo 2003 ndiye aliyeivamia Iraq akitafuta silaha ambazo hazikuonekana. Jirani yangu Mwislamu hataki jina la Bush litajwe kwake, na dawa hizo ndizo zilizomweka dada yake hai. Tulibishana miaka, siku hizi tunakunywa chai tu.

Mwanzoni mwa 2025, Trump aliposimamisha misaada, nilisikia watu kliniki wakimtaja Bush kwa sauti ya kumtaja marehemu mwema. Mtu yuko hai Texas anachora picha!

Jakogelo:
Huku kwetu mjadala ni mfupi. Baada ya Obama kushinda 2008 stima ilikuja. Mwaka 2015 akafika Kenya akiwa rais na asikanyage Kogelo, kijiji cha baba yake, watu wakanuna. 2018, ameshastaafu, akaja kufungua kituo cha Sauti Kuu cha dada yake Auma. Wapo wanaosema alitusahau, wapo wanaouliza: kwani ni MCA wetu, mwakilishi wa wadi? Mashambulizi ya Libya ya 2011 hujasikia mtu akiyauliza hapa.

Dereva wa Njoro:
Asanteni sana. Mzee, nikuulize kitu. Kule Lado, ng'ambo ya Mto Nile, Roosevelt na Kermit waliua faru weupe 9 wa kaskazini. Leo aina hiyo imebaki na majike wawili, Najin na Fatu, pale hifadhi ya Ol Pejeta. Hawa weupe tulio nao Nakuru ni wa kusini, asili yao Afrika Kusini. Nikiwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyewamaliza, nitakuwa nimekosea?

Mzee wa Sergoi:
Utakuwa umemsingizia. Faru wale walimalizwa na majangili wa pembe na vita vya Sudan na Kongo, miaka mingi baada yake. Mlaumu kwa yake.

Kama unataka jambo la Nakuru yenyewe, taja bongo, yule swala mkubwa wa msituni. Kermit alimpata bongo katika msitu wa upande wa Njoro, na walioongoza njia ni wawindaji wa msituni ambao wazungu waliwaita Wandorobo. Leo bongo wa porini Kenya nzima hawafiki 100. Nao Waogiek wa Mau, jamii iliyokuwa ikiitwa kwa jina hilo la Wandorobo, waliofukuzwa msituni mara kwa mara, waliishinda serikali katika Mahakama ya Afrika kule Arusha Mei 2017. Anza na hao walioongoza njia, ndipo umlete mwenye bunduki.

Dereva wa Njoro:
Sawa, mzee. Jumamosi nina kundi la walimu wastaafu wa Kimarekani. Nitawapitisha njia ya Njoro, Mau ikionekana nisimame niwaeleze kuhusu Waogiek, simba 17 niwaweke mwisho. Tajiri hatakuwa garini.