Mjadala: Nakuru inavutia mitaji, lakini faida inabaki kwa nani?

Ndugu zangu wa Nakuru, Kisumu na huku kwetu magharibi kote, nataka tulizungumze jambo hili bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila kiongozi anayesimama jukwaani siku hizi anatuambia Nakuru ndiyo inayokua, wenye mitaji wanapiga foleni, na kijana hana haja tena ya kukimbilia Nairobi. Sababu wanazotoa ni tatu: tumekuwa jiji, barabara kuu inapanuliwa, na tumekalia mvuke wa kuzalisha umeme. Zote tatu ni kweli. Ninachopinga ni kule kudhani kwamba zinatosha. Mimi naona mji wa ukubwa wetu unafaa pale mtu anayefanya kazi hapa anapobaki na kitu mwisho wa mwezi, na pale biashara ya hapa inapouza na kununua kwa jirani. Kwa mambo hayo mawili, Nakuru bado ina safari.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea vyuma. Kazi yetu kubwa ni mashine za kukata nyasi za ng'ombe. Wateja ni wafugaji wa Njoro, Bahati, Subukia, Rongai, wengine hutoka hadi Eldama Ravine. Mfugaji hanunui kwa kuambiwa. Anakuja na mzigo wa majani ya nepia kwenye bodaboda, anataka uwashe mashine mbele yake, anaokota majani yaliyokatwa na kuyapima kwa vidole kama ni mafupi ya kutosha. Akiridhika analipa, na mwezi haujaisha anamleta shemeji yake. Soko kama hilo hulipati Nairobi, kwa sababu ng'ombe wako huku. Kwa hiyo nisieleweke kama mtu anayeuchukia mji wake. Nimebaki hapa kwa hesabu, na ni hesabu hiyo ninayotaka tuipige pamoja.

Tuanze na ujiji. Rais Uhuru Kenyatta alitukabidhi hati tarehe 1 Desemba 2021, tukawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Eldoret ikafuata Agosti 2024. Watu walikuwa wamekuja kabla ya hati: sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 570,000 mjini Nakuru, na Kisumu, ambayo imekuwa jiji tangu 2001, haikufika 400,000. Hati ilibadilisha nini kwa mtu wa kawaida? Jambo moja kubwa ambalo halisemwi: mshahara wa chini. Agizo la serikali la Novemba 2024 linataka kibarua wa kawaida katika majiji alipwe angalau shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Katika maeneo yasiyo jiji wala manispaa ya zamani, kiwango ni shilingi 8,596.49. Nawasikia waajiri wenzangu wakisema ujiji umetupandishia gharama. Mimi ni mwajiri na nasema kiwango hicho ni halali ya mfanyakazi. Kinachoniuma ni kinachoipata hiyo elfu kumi na sita kabla haijafika jikoni kwake.

Kijana anayenisaidia anaishi Kaptembwo. Analipa kodi ya chumba, analipa nauli asubuhi na jioni, halafu analipa maji mara mbili. Ya kwanza ni ya kufulia na kuogea. Ya pili ni ya kunywa, kwa sababu maji ya visima vya huku Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Angalieni meno ya watoto waliokulia hapa, ile rangi ya kahawia, mtaelewa kwa nini mama analipia mtungi wa maji yaliyosafishwa hata kama mfereji unatoka. Bwawa la Itare kule Kuresoi ndilo lililokuwa lituletee maji ya kutosha. Kazi ilianza 2017, na mwaka uliofuata kampuni ya Italia iliyopewa mkataba ikaingia matatani kifedha, mradi ukasimama. Mwenye kiwanda cha maziwa au cha kusindika mboga anayetafuta mahali pa kuweka mtaji huuliza maji kabla ya kuuliza hati ya jiji. Mfanyakazi naye hivyo hivyo.

Umeme ndio unaonipa uchungu zaidi. Olkaria, penye vituo vya umeme wa mvuke, iko ndani ya kaunti hii na imezalisha umeme tangu 1981. Menengai, volkeno ambayo tunaiona tukiinua macho tu, kituo chake cha megawati 35 kilianza kazi 2023. Lakini bei ya stima ni moja nchi nzima. Karakana iliyo chini ya Menengai inalipa sawa na iliyo Garissa. Walio ndani ya eneo maalumu la kiuchumi kule Naivasha wana bei yao nafuu na kodi yao nafuu: sheria ya 2015 inawatoza asilimia 10 ya faida kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 15 kwa miaka 10 inayofuata, wakati kampuni ya kawaida inalipa 30. Mimi ambaye mauzo yangu ni kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, tangu 2023 natozwa asilimia 3 ya mauzo, niwe nimepata faida au hasara. Simwonei wivu mwekezaji mkubwa, aje. Lakini kama punguzo ndilo linalovutia kazi, mbona tuliokwisha kuja na tukaajiri hatuvutiwi?

Halafu barabara. Upanuzi wa barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, kutoka Rironi hadi Mau Summit, ulizinduliwa Novemba 2025, na ada iliyotangazwa kwa gari dogo ni shilingi 8 kwa kilomita. Naitaka barabara hiyo, watu wamekufa vya kutosha pale. Lakini barabara huleta na hupeleka. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa hapa Nakuru mwaka 2014, na betri za bei ya chini kutoka nje ndizo zilizokimaliza, zikija kwa barabara hiihii. Safari ya Nairobi ikiwa fupi zaidi, tajiri wa huko ataona ni rahisi kuleta lori la bidhaa asubuhi na kurudi na pesa zetu jioni. Tuna nini cha kulipakia lori lile likirudi, zaidi ya viazi na maziwa ambayo hayajasindikwa?

Nimemaliza yangu. Karibuni, hasa mnaoona nimekosea.

MCHANGIAJI WA KISUMU (MAMBOLEO)

Fundi, umesema vizuri, ila umelisahau jambo ambalo sisi huku tunalijua vizuri sana. Nyinyi mko kilomita 160 tu kutoka Nairobi. Meneja wa benki au wa kampuni ya mbegu anaweza kukaa Nairobi na kuja Nakuru kula chakula cha mchana. Kisumu ni mbali, kwa hiyo kampuni inayotaka soko la magharibi lazima iweke ofisi yenye watu wenye uamuzi. Umbali umetusaidia. Uwanja wa ndege, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, vyuo, mahakama, vyote vinalisha Kakamega, Siaya, Vihiga, Busia na Homa Bay.

Lakini usidhani tumefika. Bandari ilikarabatiwa, meli ya MV Uhuru ikarudi majini kupeleka mafuta Uganda, na Mei 2022 tukapokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, mji ukapakwa rangi. Wageni walipoondoka, Kondele na Nyalenda hazikuwa na ajira mpya kwa sababu ya mkutano. Wazee wetu walifanya kazi kiwanda cha nguo cha KICOMI, kikafa. Kiwanda cha sukari cha Miwani kikafa. Niulize ni nini kilichorudisha kazi inayoonekana, nitakwambia ni kiwanda cha bia kilichofunguliwa upya 2019 kwa shilingi bilioni 15. Sikisifu kwa sababu ya pombe, mimi mwenyewe sinywi. Nakisifu kwa sababu kinanunua mtama. Mkulima wa Homa Bay na Siaya aliyekuwa anapanda mtama wa uji tu akapata mnunuzi mkubwa. Hapo tuko pamoja, fundi: kiwanda kinachonunua kwa jirani kinafaa zaidi ya ofisi kumi.

DADA WA NAIVASHA

Nawasoma nyote na naona mnazungumza kama wenye biashara. Mimi ni mfanyakazi. Nilitoka Butere nikaja shamba la maua, niko idara ya kupanga na kufunga maua. Mnasema mshahara wa jiji ni elfu kumi na sita. Sisi sheria inatuhesabu kama kilimo, na kiwango cha chini cha kibarua wa shambani hakifiki nusu ya hicho. Chama chetu kimejadiliana na waajiri tukapata zaidi, lakini Februari ya Valentine tunafunga maua mpaka miguu inavimba, na bado hatufikishi cha jiji.

Hata hivyo sijarudi Butere, na nawaomba mtuulize kwa nini. Ni kwa sababu malipo yanakuja kila mwezi. Nyumbani nilikuwa nikingoja miwa ya baba, na kiwanda kilikuwa kinakaa miaka bila kulipa. Kwa hizi pesa za Naivasha nimesomesha wadogo zangu na kumwezekea mama mabati. Kwa hiyo mkisema mji unavutia, pimeni uhakika wa malipo kwanza, ukubwa wake baadaye. Halafu mtuangalie tunapolala. Ziwa Naivasha lilipofurika, watu wa mtaa wa Kihoto walitolewa kwa mashua kutoka kwenye vyumba walivyokuwa wamelipia kodi. Wenzangu wengi walirudi kazini siku iliyofuata na nguo zilezile. Eneo maalumu la kiuchumi lina barabara na taa. Sisi tunaolibeba tunapanga kwenye ukingo wa ziwa kwa sababu ndipo chumba kinapopatikana kwa bei yetu. Kama kaunti inataka kuvutia watu, ijenge nyumba mahali maji hayafiki.

MSAFIRISHAJI, MOLO

Fundi, kwa heshima zote, kwa barabara sikubaliani nawe hata kidogo. Mimi nabeba viazi. Jumapili jioni au siku za sikukuu, kati ya Gilgil na Kinungi lori linaweza kulala njiani. Viazi vikikaa juani chini ya turubai vinatokwa na jasho, na mnunuzi wa soko la Wakulima kule Nairobi anakata bei kabla hujazima injini. Hasara hiyo mimi siibebi peke yangu. Narudi Molo namwambia mkulima bei imeshuka. Yeye ndiye anayelipa msongamano, na wala hajawahi kuuona. Ada ya barabara italipwa, ndiyo, na tuipiganie ipungue kwa malori ya chakula, lakini usimtishe mkulima na barabara nzuri.

Na nikusaidie kwa lile swali lako la lori linarudi na nini. Kanuni za 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, bado ziko. Mkulima akiwa hana ghala la baridi wala mnunuzi wa karibu, atakubali kilima chochote kitakachoshonewa juu ya gunia lake. Leteni kiwanda cha kukata na kugandisha viazi vya chipsi hapa Molo, lumbesa itakufa yenyewe, kwa kuwa kiwanda kinapima kwa mizani.

FUNDI (NAWAJIBU)

Asanteni. Dada wa Naivasha, hilo la uhakika wa malipo nalichukua, na linanigusa kama mwajiri: vijana wangu hulipwa kazi ikiwepo, na ndiyo maana wazuri zaidi huondoka wakipata ajira ya mwezi. Siwezi kuwaahidi malipo ya kila mwezi kwa wateja wa mmojammoja. Ningeweza kama ningekuwa na mnunuzi mkubwa wa uhakika. Mzee wa Molo, barabara tunaitaka sote, tofauti yetu ni kwamba mimi nataka kiwanda chako cha chipsi kianze kujengwa kabla lami haijakauka, na kikijengwa meza zake na vyuma vyake vichomelewe hapa.

Hapo ndipo nataka mjadala uende sasa. Mnunuzi mkubwa kuliko wote katika mji wa ukubwa huu ni kaunti yenyewe. Inanunua vitanda vya hospitali, madawati ya chekechea, mageti ya masoko, matangi, samani za ofisi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 20 ya bajeti yake ya ununuzi kwa wakazi wa kaunti hiyo. Mwanya ni huu: mkazi wa Nakuru anaweza kushinda zabuni ya madawati, akayanunua yakiwa tayari Nairobi, akayashusha hapa, na sheria ikawa imetimizwa. Fundi wa Nakuru hajashika hata msumari mmoja.

Ninapendekeza tudai, katika vikao vya umma vya bajeti, kwamba vitu vinavyoweza kutengenezwa hapa vinunuliwe kwa waliovitengeneza hapa, na malipo yafanyike ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Deni la kaunti likikaa mwaka mzima, karakana ndogo hufungwa ikiwa na kazi mkononi. Ndugu wa Kisumu, nijulishe kama kwenu masoko mapya yaliyojengwa yaliwapa mafundi wa Kibuye kazi ya milango na vibanda, au vyuma vilikuja vikiwa vimekwisha kuunganishwa. Na yeyote aliyewahi kuuzia kaunti yoyote ya huku kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, atueleze alilipwaje na baada ya muda gani.