Nina picha nzuri nyingi ila haziongei pamoja, nyie wazo la projekti mnalipata wapi?

mwanga_wa_pembeni:
Wakuu habari za humu. Nina kamera mwaka wa pili huu, lenzi moja tu ya 50mm, na kila wikiendi natoka kupiga. Jana usiku nimefungua mafolda yote nikakuta picha kama mia nne ambazo mwenyewe naziona nzuri, jua linazama, paka kalala juu ya ukuta, mzee wa kofia, lakini ukiziweka kumi pamoja ni kama kurasa zilizochanwa kwenye vitabu kumi tofauti. Nataka seti ya picha 12 zenye kitu kimoja kinachoziunganisha, na kila nikikaa kutafuta dhamira yanakuja maneno makubwa tu, upweke, muda, matumaini, halafu sijui nitoke nikapige nini. Pia mpangilio wa fremu zangu ni uleule kila siku, kitu kwenye theluthi, yaani fremu naigawa sehemu tatu na kitu nakiweka pembeni kwenye mstari wa theluthi badala ya katikati, basi. Mnaanzia wapi?

bibi_fokasi:
Mdogo wangu, umekwama hapo hapo kwenye maneno makubwa. Upweke haupigiki picha, kinachopigika ni kitanda cha watu wawili kilicholaliwa upande mmoja. Anza na kitu unachoweza kukigusa.

Mimi mwaka juzi nilipiga mikono ya mama, mikono tu, uso sikuutia kwenye fremu hata mara moja. Anashona kifungo, anafunga kamba ya kiatu, anafungua dawa. Sikuwa na dhamira yoyote, nilipenda tu ile mikunjo ukiipiga mwanga wa dirishani unaoingia kwa ubavu. Nilipozipanga kwa tarehe ndo nikaona kitu, picha za mwanzo sindano kaishika kwa kidole gumba na cha shahada, za mwisho kaibana katikati ya vidole viwili vya kando maana gumba halikunji tena. Nakaa naye nyumba moja na sikuwahi kuliona hilo. Kuanzia siku ile nikajua napiga nini.

kona_nne:
Bibi kasema kweli, mi naongeza mipaka. Kadiri unavyojibana ndo mawazo yanakuja. Kuna mume na mke Wajerumani, Bernd na Hilla Becher, kuanzia 1959 walizunguka wakipiga minara ya maji, matanuru, minara ya migodini, kila kimoja kwa kukikabili uso kwa uso, siku ya mawingu ili vivuli vikali visiingilie, halafu wanazipanga kwa safu kama madirisha ya jengo. Mnara mmoja peke yake ni mnara tu, ila ukikutana na tisa zimepangwa hivyo jicho linaanza lenyewe kulinganisha, huu mnene, ule una kofia, na hapo mtazamaji ameshanasa. Josef Sudek naye kule Prague, aliyepoteza mkono wa kulia baada ya kujeruhiwa vita ya kwanza ya dunia, alipiga dirisha la studio yake kuanzia 1940 mpaka 1954, kioo kilekile, leo kina ukungu, kesho matone, keshokutwa barafu. Miaka 14 dirisha moja!

Kuhusu fremu, theluthi haina kosa ila isiwe ya kwanza kukujia kichwani. Kabla ya kubonyeza zungusha jicho kwenye kona zote nne, ukikuta kitu kwenye kona ambacho hukukiita, sogea hatua moja. Chuchumaa. Piga kupitia kitu, pazia, wavu, mlango ulio nusu wazi. Siku nyingine mweke mtu katikati kabisa uone anavyokuwa mzito.

kivuli_kirefu:
Mimi nitapingana kidogo na waliotangulia, kabla hujatafuta kitu kipya angalia hizo mia nne. Chapa ndogo ndogo kama sitini, zitandaze sakafuni, usiulize ipi nzuri, uliza nini kinajirudia. Rangi gani, umbali gani, watu wanaangalia wapi. Inawezekana projekti ulishaianza bila kujua.

mwanga_wa_pembeni:
Wakuu nimerudi. Nimetandaza sitini kweli, nimepiga magoti hapo sakafuni saa nzima, na nimeona kitu ambacho kimenitikisa kidogo, kwenye 26 mtu kanipa mgongo. Hata yule mzee wa kofia! Nilidhani naipenda kofia kumbe nilisubiri ageuke ndo nikabonyeza.

bibi_fokasi:
Basi umepata, usiende kutafuta kwingine. Mgongo unasema mengi, shati lililolowa katikati ya mabega, begi linalovuta bega moja chini, kisogo kilichotoka kunyolewa. Ila sasa uamue kwa makusudi, kila mgongo jiulize huyu anaangalia nini na je mimi namwonyesha mtazamaji au namficha. Ukimwachia nafasi kubwa mbele anakuwa anaenda mahali, ukimbana na ukuta anakuwa amesimamishwa. Hapo fremu zako zitabadilika zenyewe.

kona_nne:
Na chagua umbali mmoja, tuseme hatua tatu, uushike kwa zote 12, na hiyo 50mm yako inatosha kabisa.

mwanga_wa_pembeni:
Hatua tatu ni karibu kuliko nilivyozoea, moyo unadunda tayari. Kesho asubuhi naanza na baba mmoja anayefagia ngazi zetu alfajiri, mwanga unamtokea kwa chini ngazini, nitamwomba ruhusa kwanza. Nikipata tano za kwanza naziweka hapa hapa.