Ramani imeipaka Amboni nyekundu. Kisima changu kina nitrati?

BibiMchicha: Hamjambo wanangu. Nalima mchicha na mnavu huku Amboni, Tanga. Wiki jana alikuja kijana mwanafunzi na kompyuta yake, akanionyesha ramani ya pwani yote imekatwa miraba ya kilomita moja moja. Kwetu pekundu. Kasema ni hatari ya nitrati kutokana na mbolea kuzama ardhini. Kweli kila masika namwaga yurea. Lakini hakuna aliyetia ndoo kisimani kwangu, kompyuta imejuaje? Nauliza kwa uchungu kwa sababu binti yangu ana mtoto wa miezi mitatu, na maziwa ya kopo anayakorogea maji hayo. Tunayachemsha vizuri. Inatosha?

FundiVisima: Shikamoo bibi. Tuanze na mtoto. Kuchemsha kunaua vijidudu, nitrati haiondoki. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikawa bluu. Leo hii mkorogee maziwa kwa maji ya bomba yaliyochemshwa, mpaka kisima kipimwe.

MajiArdhini: Shikamoo bibi. Modeli za ramani kama hizo, mfano DRASTIC iliyotoka Marekani miaka ya 1980, hazipimi maji. Zinaangalia kina cha maji, mvua inayozama, udongo, mwamba, mwinuko, kisha zinakadiria uchafu utafika chini kwa urahisi gani. Nyekundu maana yake mlango uko wazi, si kwamba mwizi kashaingia. Ila Amboni msipuuze: mwamba wenu ni wa chokaa, ndio uliochimbika mapango. Maji hupita kwenye nyufa kwa kasi, hayachujwi kama mchangani.

Na yurea: mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Zikizama kilo 5 tu, zikiungana na oksijeni zinakuwa kilo 22 za nitrati, za kutosha kufikisha lita 440,000 za maji safi kwenye kikomo. Usimwage yote kabla ya mvua kubwa. Ngoja mizizi ishike, uweke kidogo kidogo.

BibiMchicha: Marahaba wanangu. Binti nimeshamwambia, maji ya bomba tutachota kwa jirani. Kwa kidogo kidogo nimekuelewa, maana mvua ya kwanza huwa naiona inashuka na mbolea yangu kwenye mfereji, roho inauma. Choo chetu cha shimo kiko hatua kumi na mbili kutoka kisimani, nacho?

FundiVisima: Nacho bibi, tena sana. Choo cha shimo kinatoa nitrati pamoja na vijidudu, na ramani ya mbolea haikioni. Kapime vyote viwili, nitrati na vijidudu. Chukua chupa safi, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho, ijaze, iweke kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Ya vijidudu waombe chupa yao, hiyo usiisuuze.

BibiMchicha: Alfajiri namtuma mjukuu mkubwa na baiskeli. Barafu nitanunua kwa wauza samaki.