Wauza "sampo za MPC", acheni kutuuzia MP3 zilizobadilishwa jina!

Wakuu, habari zenu.

Huu uzi ni wa hasira na sitaupunguza makali. Magrupu ya WhatsApp na Telegram yamejaa wauza "pakiti za sampo" (vipande vya sauti vya kutengenezea midundo): dansi la zamani, taarab, nyimbo za enzi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), zote zimenyofolewa kwenye video za mtandaoni na kunadiwa kuwa ni "WAV tayari kwa MPC2000XL na SP-1200", yaani sampla, mashine za kurekodi vipande hivyo na kuvipiga kwa kugonga. Unatuma hela kwa simu, unatumiwa linki, unamaliza bando kupakua, na unachopata hakifai hata kujaribia spika. Ukilalamika unaambiwa mashine yako mbovu. Ukishikilia, unatolewa kwenye grupu. Aliyeniuzia mimi simtaji, maana wenzake wanafanya vilevile.

Mashine yangu haina ubovu wowote. WAV (faili za sauti isiyobanwa) ninazotengeneza mwenyewe inazisoma vizuri kabisa. Za kwenye pakiti inazikataa, na sababu inaonekana kwa macho. Chukua faili mojawapo, ifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi. WAV ya kweli huanza na herufi RIFF, na alama chache mbele unaiona WAVE. Nilizouziwa zinaanza na ID3. Hiyo ni MP3! Mtu amefuta ".mp3", akaandika ".wav", akaomba malipo. Kwenye simu na kompyuta zinapiga kwa sababu programu za siku hizi huchungulia ndani na kujua ni faili ya aina gani. MPC2000XL ni ya mwisho wa miaka ya 1990, inataka WAV safi ya biti 16, kHz 44.1 (vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde), basi.

Hata zile ambazo ni WAV kweli zina balaa lake. Sauti nyingi za video ziko kwenye kHz 48. Kuzishusha hadi 44.1 ni hesabu ambayo kompyuta inaifanya kwa sekunde chache, lakini hawa jamaa wanabadilisha namba tu kwenye kichwa cha faili (maelezo yaliyo mwanzoni mwake) na sauti wanaiacha ilivyo. Kichwa kinasema 44.1, ndani mna 48. Matokeo yake wimbo unashuka karibu nusu toni moja na nusu, na mdundo wa BPM 100 (mapigo 100 kwa dakika) unakuwa kama 92. Gitaa la solo linaangukia katikati ya noti mbili, hulipati kwenye kinanda hata ufanyeje. Mpiga gitaa aliyekaa studio akatyuni nyuzi zake kwa makini leo anasikika kama mtu asiyejua kutyuni. Hilo linaniuma kuliko hela.

Halafu hii habari ya "320 kbps, ubora wa juu". Video huwa imebeba sauti iliyokwisha kubanwa, AAC ya kama kbps 128 au Opus ya kama 160. Ukiipitisha kwenye tovuti ya bure ikutolee MP3 ya 320, faili inanenepa lakini sauti inabanwa mara ya pili, na matoazi yanaanza kutoa sauti ya majimaji. MP3 pia huongeza kimya mwanzoni mwa faili, kinaweza kufika milisekunde 25. Ukiamini kwamba mwanzo wa faili ndio mwanzo wa pigo, kila ukigonga pedi ngoma inachelewa. Kwa mtu wa midundo hizo ni nyingi mno, na lupu (kipande kinachojirudia) haiwezi kukaa sawa.

Kwenye SP-1200 ndipo uongo unapovuka mipaka. Ile mashine ya kampuni ya E-mu ya 1987 haisomi WAV kabisa! Sauti unaiingiza kwa waya, mashine inairekodi yenyewe kwa biti 12, kHz 26.04, sekunde 10 kwa jumla, na sampo moja haizidi sekunde 2.5. Anayekuuzia "WAV zenye mkwaruzo wa SP" amezichubua kwa programu, na ukiziingiza kwenye mashine zinachubuliwa tena. Anayeijua kazi angekupa sauti safi. Ungeiharakisha mara 1.35, kama santuri ya 33 inayochezwa kwa spidi ya 45, ukaisampo, kisha ukaishusha spidi ndani ya mashine. Hapo sekunde 2.5 zinabeba karibu 3.4 za muziki, na mkwaruzo ambao watu wanautafuta unatokana na kule kushusha.

Na hakuna anayekata kitu. Nimepewa nyimbo nzima za stirio zikiitwa "sampo". Wimbo wa dakika 4 ni kama MB 42, wakati MPC2000XL ikijazwa memori yake yote inaishia MB 32. Flopi (diski ndogo ya zamani ya kuhifadhia) inabeba sekunde 16 hivi za mono. Mlitarajia tuziweke wapi?

Jambo jingine ambalo hawalijui kabisa: video nyingi za nyimbo hizi zimetokana na kaseti. Hedi ya deki (ile inayosoma utepe) ikiwa imekaa upande, chaneli ya kushoto na ya kulia zinapishana kidogo, na ukizijumlisha kuwa mono sauti ya juu inafifia. Muziki wenyewe kama ni mono, chagua chaneli moja iliyo nzuri uachane na nyingine. Kazi yote ni mstari mmoja wa ffmpeg, programu ya kubadilisha sauti na video, na ni bure:

ffmpeg -i video.webm -vn -af "pan=mono|c0=c0" -ar 44100 -c:a pcm_s16le -map_metadata -1 -fflags +bitexact sampo.wav

Hapo kwenye c0=c0 umechukua chaneli ya kushoto; ukitaka ya kulia weka c0=c1. Vile viwili vya mwisho vinaondoa maandishi ya ziada kwenye kichwa cha faili, maana sampla za zamani huweza kugoma zikikuta kitu zisichokijua. Ukimaliza, kata kwa mkono, sikiliza, pakia.

Sijagusa hata suala la haki za wanamuziki wenyewe na familia zao, ambao hawaoni hata senti kwenye pakiti hizi. Hilo linahitaji uzi wake, na mwenye uelewa wa hakimiliki aufungue.

Mwenye faili zinazogoma aweke hapa herufi za mwanzo alizoziona na aina ya mashine yake, nitamwangalizia. Na wewe uliyeniuzia, najua umo humu, nimekuona unachangia kwenye nyuzi nyingine. Nataka hela yangu yote, kwenye namba ileile niliyokulipia.